Je, Pembetatu Ina Kwao?

Tuzo kuu ya uchongaji katika Bienali ya kwanza ya São Paulo, iliyofunguliwa tarehe 20 Oktoba 1951, ilikwenda kwa kitu ambacho hakikufanana na chochote. Max Bill, Mswisi wa Zürich aliyekuwa mchoraji, mchongaji na msanifu majengo, alikuwa amekiunda kwa chuma cha pua na kukiita Umoja wa Sehemu Tatu. Ni mabamba mapana yaliyopindwa yakazungukana na kurudiana, hivi kwamba jicho likianza kuufuata uso wa nje hujikuta ndani, kisha nje tena, bila kuvuka ukingo hata mmoja. Hakuna mtu humo, wala ndege, wala wimbi. Aliyeuliza maana yake alikuwa na jibu moja tu la kupewa: maana yake ni hicho unachokiona.

Jibu hilo lilikuwa na asili yake. Mwaka 1930, mjini Paris, Mholanzi Theo van Doesburg alitoa ilani fupi akidai kwamba picha ijengwe kwa mistari, rangi na nyuso peke yake, bila kuiga maumbile wala kubeba hisia za mchoraji, kwa kuwa hakuna kitu cha hakika zaidi ya mstari au rangi. Aliiita sanaa Konkreti, na Bill akaishika kama mtu anavyoshika dini. Vijana wa Brazili waliokuwa wakitafuta pa kutokea wakaipokea kutoka kwake. Ndani ya miaka kumi waliigeuza, wakaivunja, na katika kuivunja wakaliibua swali ambalo Bill mwenyewe hakulipa nafasi. Kama umbo halisemi lolote ila lenyewe, linaweza kuwa la mtu fulani, au la mahali fulani? Pembetatu ya Zürich na pembetatu ya Salvador da Bahia ni pembetatu ile ile?

Mwanahisabati atajibu mara moja kwamba ni ile ile, na atakuwa sahihi kwa kadiri ya swali lake. Plato angemuunga mkono. Katika Philebus, Sokrate anasema mistari iliyonyooka, duara na maumbo yatokanayo na rula na bikari ni mazuri kwa asili yake, daima, si kwa kulinganishwa na kitu kingine. Kant naye, mwaka 1790, alitenga uzuri ulio huru, usiodai kwanza tujue kitu ni cha nini: maua, ndege, michoro ya majani kwenye kingo za fremu na karatasi za ukutani. Lakini mahali hapo hapo Kant anatoa mfano mwingine unaomponyoka. Anasema umbo lingeweza kurembwa kwa mizunguko na mistari myepesi, kama wafanyavyo watu wa New Zealand kwa chale zao, lau tu lisingekuwa la binadamu. Yeye aliona pambo lililokosea mahali. Kwa Wamaori, mistari ile ya usoni hutaja ukoo na cheo cha mwenye uso. Kant aliutazama ukurasa uliojaa maandishi akasifu mzunguko wa herufi.

Kosa hilo si la Kant peke yake. Kuna tofauti kati ya umbo tupu na umbo ambalo mtazamaji hajui kulisoma, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Kwa mgeni, yote mawili ni mizunguko ya kupendeza.

São Paulo ya mwaka 1951 ilikuwa mahali pazuri pa kulijaribu jambo hili. Bienali ilikuwa ndoto ya Francisco Matarazzo Sobrinho, tajiri wa viwanda aliyeanzisha Jumba la Sanaa ya Kisasa la mji huo, na mkewe Yolanda Penteado, aliyezunguka Ulaya kuwashawishi wasanii na serikali zao walete kazi ng'ambo ya bahari. Mfano wao ulikuwa Bienali ya Venice, iliyoanza 1895. Banda lilijengwa kwenye uwanja wa Trianon, barabara ya Paulista. Nje kulikuwa na wapinzani. Msanifu João Vilanova Artigas, mkomunisti, aliandika kuipinga akiiona ni mlango wa ubeberu. Mchoraji Di Cavalcanti alikuwa ameshaishambulia sanaa isiyo na sura za watu tangu 1948. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi. Katika sensa ya 1950, karibu nusu ya Wabrazili wenye umri wa miaka 15 na zaidi hawakujua kusoma wala kuandika, na kwa sheria ya wakati huo asiyejua kusoma hakupiga kura. Nchi ya namna hiyo, walisema, inahitaji picha za wavunaji wa kahawa na wavuvi. Mraba utamfaa nani?

Watetezi wa mraba waliweza kuigeuza hoja hiyo kichwa chini. Picha ya mvunaji kahawa huhitaji mtazamaji aijue hadithi. Mraba hauhitaji shule.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Bienali ndiyo iliyozaa uchoraji wa jiometri Brazili, na wengi husema hivyo. Lakini mwaka 1949 jumba lile lile la sanaa lilikuwa limefungua milango yake kwa maonyesho yaliyohoji safari ya kutoka kwenye sura kwenda kwenye dhana, na Buenos Aires ilikuwa na wasanii wa jiometri tangu jarida la Arturo lilipotoka mwaka 1944. Maonyesho makubwa hayapandi mbegu. Huwapa watu waliokuwa wakifanya jambo kwa kunong'ona ruhusa ya kulisema kwa sauti, na kuwapa tuzo za kuonyesha nyumbani. Tuzo ya mchoraji kijana wa Brazili ilikwenda kwa Ivan Serpa kwa mchoro ulioitwa Maumbo. Abraham Palatnik alileta sanduku lenye balbu na mota ndani yake, lililotupa rangi zinazohama polepole kwenye kitambaa cha mbele. Kwanza lilikataliwa kwa sababu halikuingia kwenye fungu lolote, si uchoraji wala uchongaji. Baadaye likaingizwa, na majaji wa kimataifa wakalipa sifa maalumu.

Palatnik hakufika kwenye sanduku lile kwa kusoma Wazungu. Alikuwa mchoraji stadi wa sura na mandhari hadi rafiki yake Almir Mavignier alipompeleka kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili ya Engenho de Dentro, Rio de Janeiro, ambako daktari Nise da Silveira alikuwa amefungua karakana ya uchoraji mwaka 1946. Kazi za wagonjwa, watu ambao hawakuwa wamepita chuo chochote cha sanaa, zilimwondolea imani yote katika ufundi wake. Akaweka brashi chini akaanza upya na mwanga. Historia za sanaa zinazoanza na kuishia Zürich hukiruka kipande hiki, na ni hasara yao.

São Paulo yenyewe ilichukua njia kavu zaidi. Tarehe 9 Desemba 1952 kikundi cha watu saba kilichojiita Ruptura, yaani mpasuko, kilifungua maonyesho na kugawa ilani ya ukurasa mmoja. Msemaji wao mkali alikuwa Waldemar Cordeiro, mzaliwa wa Roma. Walitaka sanaa ifikiriwe kabla ya kutendwa, na mkono wa msanii usionekane. Waliacha turubai na rangi za mafuta za wachoraji, wakachukua hadibodi, alumini na rangi ya viwandani inayong'aa, ile ipakwayo kwenye mashine na milango ya vyuma. Wengine walipulizia rangi badala ya kupiga brashi.

Luiz Sacilotto anafaa kutazamwa kwa karibu. Alizaliwa Santo André, kwenye ukanda wa viwanda nje ya São Paulo, na riziki yake ilitoka kwenye michoro ya kiufundi ya fremu na miundo ya chuma. Kazi zake hazina majina, zina namba: katika Concreção 5629, tarakimu mbili za kwanza ni mwaka, 1956. Katika kazi zake za miaka hiyo, nyeusi na nyeupe hugawana uso kwa haki kiasi kwamba jicho haliwezi kuamua ipi ni umbo na ipi ni nafasi iliyobaki. Ukishika nyeupe, nyeusi inarudi nyuma, ukipepesa, zimebadilishana. Hakuna alama ya kidole, hakuna tone lililochuruzika. Msanii amejifuta kabisa.

Amejifuta kweli? Rula ile, bamba lile la alumini, rangi ile ya kiwandani na namba badala ya jina, vyote vilitoka kwenye meza aliyoketi mchana kutwa kama mfanyakazi. Mwenzake Geraldo de Barros alikuwa mtumishi wa benki, na mwaka 1954 alishiriki kuanzisha Unilabor, ushirika wa mafundi samani uliotengeneza viti na makabati kwa vipande vinavyobadilishana. Umbo lililodai kutokuwa na kwao lilinuka karakana za São Paulo. Wenyewe wangekataa kusikia hivyo, kwa kuwa nadharia yao haikuruhusu harufu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Bill alifika Brazili mwaka 1953, lakini hakuja na tiba bali karipio. Mbele ya wanafunzi wa usanifu wa São Paulo aliyashambulia majengo ya kisasa ya nchi hiyo, na mapinda yake ya kujionyesha, akiyaita mapambo yasiyo na kazi. Yeye ambaye chuma chake kilipinda kuliko kuta zote za msanifu wao Oscar Niemeyer! Mpindo wake ulikuwa wa hisabati, wa ulimwengu mzima; wa Niemeyer ulikuwa wa Kibrazili, kwa hiyo ni pambo. Karipio lile lilifichua kitu kuhusu neno "ulimwengu mzima" ambacho tuzo ya 1951 ilikuwa imekificha.

Wasanii wa Rio de Janeiro hawakuwa na subira na sheria. Kikundi cha Frente, kilichoanza kuonyesha kazi mwaka 1954 kikimzunguka Serpa na darasa lake, kilimkubali hata mchoraji wa picha za watu na mitaa pembeni ya wachoraji wa miraba. Maonyesho ya kitaifa ya sanaa Konkreti yalipofanyika São Paulo mwishoni mwa 1956, kisha Rio mapema 1957, miji hiyo miwili iligundua kwamba ilikuwa ikitumia mraba mmoja kwa imani mbili. Machi 1959 mshairi Ferreira Gullar na wenzake sita, miongoni mwao Lygia Clark na Lygia Pape, wakatoa ilani ya Wakonkreti Wapya katika gazeti la Jornal do Brasil. Walimtaja Merleau-Ponty, mwanafalsafa Mfaransa aliyeshikilia kwamba hatuuoni ulimwengu kama kamera ionavyo. Tunauona kwa mwili mzima, mwili ulio mahali fulani, wenye uzito na mazoea. Kwa msimamo huo mraba hauwezi kubaki wazo. Daima kuna mtu mbele yake, amesimama kwa miguu miwili.

Ni Clark aliyeutoa msimamo huo kwenye karatasi, na hapa inabidi kurudi kwenye chuma cha Bill. Umbo lile limejengwa juu ya sifa ya utepe wa Möbius, uso wenye upande mmoja tu ulioelezwa na wanahisabati wa Kijerumani mwaka 1858: kama mshipi uliofungwa baada ya kupindwa nusu mzunguko. Bill aliufikia mwaka 1935 alipotakiwa kutengeneza kitu cha kuning'inia juu ya meko ya umeme katika nyumba ya kisasa. Alihangaika na vipande vya karatasi, akapata utepe usio na mwisho, akaamini amebuni umbo jipya duniani. Baadaye akaambiwa kwamba lilikuwa linajulikana kitambo. Aliyefadhaika kwa habari kama hiyo angekuwa na haki. Lakini ingemfaa pia kuuliza: kama umbo lilikuwapo kabla yangu, na litakuwapo baada yangu, kazi yangu ni ipi hasa? Bill alijibu kwa kulitengeneza vizuri zaidi, kwa vitu vigumu zaidi.

Clark alijibu kinyume chake. Kazi yake ya mwaka 1963 iitwayo Caminhando, yaani kutembea, inahitaji ukanda wa karatasi, gundi na mkasi. Mtu anaupinda ukanda nusu mzunguko, anaunganisha ncha, anatoboa katikati ya upana wake na kuanza kukata kwa urefu. Mkasi unasonga, karatasi inajizungusha mkononi, na baada ya muda mkataji anarudi alipoanzia. Hapo ana jambo la kuamua, kwa kuwa akifuata alama ile ile utepe utakatika: apite kulia au kushoto? Anachagua, anaendelea. Ukanda unazidi kuwa mwembamba na mrefu, unajisokota mapajani na kudondoka sakafuni, hadi njia inakuwa nyembamba mno kwa mkasi. Kazi imekwisha. Kilichobaki ni cha kutupa. Clark alisisitiza kwamba kazi ni tendo lile, na kwamba kila anayetaka aifanye mwenyewe.

Ni umbo moja. Katika chuma, upande mmoja usio na mwisho ni ukweli wa kutazamwa, uliokamilika kabla mtazamaji hajaingia mlangoni. Katika karatasi ni ukweli unaotokea kwenye vidole, na unabeba uchaguzi ambao hisabati haikuwa nao. Anayesema umbo ni tupu na anayesema limejaa maana wote wanakosea jambo lile lile hapa: wanalitafuta jibu ndani ya umbo. Utupu ni namna ya kulikabili. Bill alisimama mbali nalo makusudi, na umbali huo ulizaa kitu kizuri. Clark aliusogelea utupu huo huo akautumia kama nafasi ya kuingiza mikono.

Kufikia hapo mtu anaweza kuridhika na kusema: basi, umbo ni la yeyote anayelishika. Ndilo hitimisho linalopendwa makumbushoni, na lina kasoro. Linasahau kwamba si kila mtu huruhusiwa kuingia na mikono yake. Mwaka 1965 Hélio Oiticica, mwanafunzi wa Serpa aliyeanza kwa miraba midogo iliyoyumba kwenye kadibodi, alifika kwenye ufunguzi katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la Rio na wacheza samba wa mtaa wa Mangueira wakiwa wamevaa mavazi yake ya rangi, Parangolés. Walizuiwa kuingia. Wakachezea nje, bustanini. Rangi zile zile zikiwa zimebandikwa ukutani zilikuwa sanaa dhahania. Zikiwa mabegani mwa watu wa mtaa wa mabanda, zilikuwa fujo.

Rubem Valentim alilijua hilo bila kufundishwa na Oiticica. Alizaliwa Salvador mwaka 1922, akasomea udaktari wa meno, akajifunza uchoraji mwenyewe. Michoro yake, kwa aliyezoea São Paulo, ni jiometri safi: mhimili wa wima, pande mbili zinazolingana, pembetatu zinazogusana kwa ncha, nusu duara, mishale, rangi bapa zenye kingo kali. Nyingi zinaitwa Emblema au Composição, zikifuatwa na namba, kama za Sacilotto. Lakini pembetatu zile mbili zilizokutana juu ya mpini ni oxê, shoka la pande mbili la Xangô, mungu wa radi, aliyevushwa bahari na Wayoruba waliouzwa utumwani na kuendelea kuabudiwa katika nyumba za Candomblé za Bahia. Valentim hakuzichora alama za ibada jinsi mtalii angezichora. Alizichuja hadi zikabaki mifupa, kwa rula ile ile waliyoishika wafuasi wa Bill. Mwaka 1966 kazi zake zilikwenda Dakar, kwenye Tamasha la Kwanza la Dunia la Sanaa za Watu Weusi.

Hapa swali la mwanzo linabana. Asiyemjua Xangô anaona pembetatu mbili, na hakosei. Zipo, zimepimwa vizuri, na zinapendeza kama Plato alivyosema. Anayemjua anaona shoka, na hakosei pia. Jibu la Clark, kwamba maana huzaliwa mkononi mwa anayeshika, halitoshi, maana shoka lilikuwa na maana kabla ya mtazamaji yeyote wa makumbusho kuzaliwa. Jibu la Bill ndilo baya zaidi: lingetuomba tusahau shoka ili tuione pembetatu. Na kusahau huko si jambo la hiari kwa kila mtu sawasawa. Aliyekulia nje ya Candomblé hana cha kusahau, kwa hiyo huudhania ujinga wake kuwa ndiyo macho safi.

Lakini utupu huo huo ulikuwa na faida ambayo Valentim hakuidharau. Kwa miaka mingi nyumba za Candomblé Bahia zililazimika kujiandikisha polisi kabla ya kufanya ibada, na sharti hilo liliondolewa mwaka 1976 tu. Mjini Rio, polisi waliwanyang'anya waumini ngoma, mavazi na vifaa vya madhabahu tangu mwisho wa karne ya 19, na vitu hivyo vikakaa katika jumba la makumbusho la polisi kama vielelezo vya uhalifu. Vilikabidhiwa kwa Makumbusho ya Jamhuri mwaka 2020. Katika miaka hiyo hiyo shoka la Xangô lilining'inia kwenye kuta za maonyesho, likitajwa kwa namba, likisifiwa kwa mizani yake, na hakuna askari aliyeliuliza cheti.

Mwaka 1977 Valentim alipeleka kwenye Bienali ya São Paulo Hekalu la Oxalá, mkusanyiko wa vipande 20 vilivyosimama kama watu, vyote vyeupe, rangi ya mungu huyo. Ilikuwa mara ya 14 ya maonyesho yale yale yaliyoanza kwa kukipa tuzo chuma cha Bill. Safari hii jina lilisema waziwazi ni nyumba ya nani.